Bluberi kwenye ndoo: majani ya manjano

Dada, umeuliza kwa nini majani ya mbluberi wako yanageuka manjano. Jani kupauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani si dalili ya kiu, wala ya kukosa samadi. Mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma kwa sababu udongo wako hauna asidi ya kutosha. Bluberi hutaka pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) ya 4.5 hadi 5.5. Yale majivu uliyonyunyiza yameipandisha, na maji ya kisima kirefu unayomwagilia mara nyingi huwa na magadi, nayo huipandisha vilevile.

Udongo huo usihangaike nao. Hamishia mche kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Kama una jamaa Limuru au Kericho, mwombe gunia la udongo wa shamba la chai, maana chai nayo hupenda asidi. Changanya nusu kwa nusu na magome ya msonobari yaliyopondwa. Mizizi ya bluberi ni laini mno na hukaa juu juu, kwa hiyo usiushindilie udongo. Ufunike kwa majani makavu ya msonobari.

Kinga maji ya mvua umwagilie hayo, ndiyo dawa hasa. Mbolea ya CAN iache kabisa. Tumia salfeti ya amonia, kidogo sana.

Muulize pia aliyekuuzia ni aina gani. Biloxi na Misty hazihitaji baridi kali ili zichanue. Zile za nchi za baridi kali zitakupa majani tu.

Maua ya mwaka wa kwanza yachume, inauma lakini mmea utapata nguvu. Matunda yakianza, tafuta wavu mapema: ndege kama kuzumburu hawasubiri yaive.