Ukitaka kujua kama mafunzo yamefaa, subiri wiki sita

Nasimamia waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro katika kampuni moja hapa Moshi. Mwaka wa kwanza nilikodi ukumbi siku mbili, nikaleta mkufunzi wa huduma ya kwanza na ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu sana. Mwishoni tukagawa fomu, karibu wote wakaandika "mazuri sana". Nilizipeleka kwa bosi kwa furaha.

Wiki chache baadaye nikapanda nao njia ya Machame. Jioni kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mwongozaji alimvua mgeni glavu, akambana kidole na kipima oksijeni, akaandika namba ya kwanza iliyotokea. Kidole kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Damu haifiki vizuri kwenye kidole cha namna hiyo, na kifaa hudanganya. Nikamuuliza mbona hakusubiri mkono upate joto.

"Dada, ukumbini tulionyeshwa picha. Kifaa chenyewe hatukukishika."

Kosa lilikuwa langu. Sasa kabla sijamwita mkufunzi naandika kwanza ninachotaka kukiona kambini: mkono upashwe moto, namba itulie, mgeni atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, hata akisema yuko salama, ubongo huenda umeanza kuvimba, na ni kumshusha usiku huohuo. Haya tunayafanyia mazoezi uwanjani, gizani, na tochi za kichwani, mikono ikiwa imetoka kwenye ndoo ya maji ya barafu.

Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kuhusu ngazi 4 za kupima mafunzo: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wamebadilika nini kazini, kazi imefaidikaje. Wengi tunaishia ya kwanza kwa kuwa ni rahisi. Mimi inayonisaidia zaidi ni ile ngazi ya tatu. Baada ya wiki sita nakusanya madaftari ya safari na kuyasoma moja moja. Namba za asubuhi na jioni zikifanana siku tano mfululizo, najua zimenakiliwa, na najua wa kumpigia simu.

Ya nne inataka uangalifu. Wageni wanaoshushwa wakiongezeka, bosi atadhani mafunzo yamefeli, kumbe dalili zimeanza kuonekana mapema. Mweleze mapema, kabla hajaona hesabu.

Msimu huu nimewaongeza wagumu, yaani wapagazi, na wapishi. Wao ndio wanaorudisha sahani, na ndio wa kwanza kuona mgeni hajagusa chakula.