Gari limepaki, limegongwa: usikimbilie kupokea hela

Mara ya kwanza kugongewa gari likiwa limepaki, nilipokea 30,000 nikaondoka nikijiona mjanja. Ilikuwa Sinza, bajaji imenipitia ubavuni ikamalizia kwenye bampa ya nyuma. Kijana wa watu aliomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Kesho yake fundi alipofungua bampa, vishikio vilikuwa vimekatika na taa imepasuka kwa ndani. Jumla 180,000. Namba ya simu niliyopewa ilikuwa haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Mara ya pili ilikuwa Kariakoo, asubuhi, Canter inarudi nyuma ishushe mzigo. Utingo anapiga bodi kwa kiganja, "njoo, njoo, njoo," naye akiangalia simu. Ilikuja kweli, mpaka ndani ya mlango wa IST yangu. Mimi nilikuwa dukani hatua kumi tu kutoka pale.

Dereva akashuka na ule wimbo wa siku zote: "Bosi, tuyamalize hapa hapa, polisi watatula wote." Nikamwambia sawa, ila hakuna kusogeza gari kabla sijapiga picha. Nikapiga matairi yalipo, namba za magari yote mawili, bonde la mlango, leseni yake, na nikapiga moja ya mbali inayoonyesha kuwa mimi nilikuwa ndani ya mstari wa maegesho. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Halafu baadaye unaambiwa ulipaki vibaya.

Nikaingia kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, nikaweka namba ya ile Canter. Bima ipo, imebaki miezi miwili, na jina la kampuni hilo hapo. Kuanzia hapo mazungumzo yakabadilika. Yule dereva alikuwa deiwaka, amepewa gari siku hiyo tu, mfukoni hana hata ya mafuta. Kumkaba yeye ni kumkaba mtu asiye na kitu, kosa lile lile nililofanya kwa kijana wa bajaji. Mwenye gari ni tajiri yake, na anayelipa ni bima ya tajiri.

Watu hudharau bima ndogo, ile ya kulipia hasara ya mtu mwingine, wanasema ni ya kumwonyesha trafiki tu. Ya kwako ndiyo, haitakutengenezea gari lako. Lakini bima ndogo ya aliyekugonga ndiyo inayokulipa wewe. Na kama una bima kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, unaweza kudai kwa kampuni yako na kuwaachia wao wamfuate mwenzako, ila uliza kwanza utakatwa kiasi gani na kama utapoteza punguzo lako la mwaka ujao. Kwa mkwaruzo mdogo mara nyingi haikulipi.

Tukaita trafiki. Akapima, akachora, akamwandika dereva kosa. Kampuni ya bima ya ile Canter ilinitaka nipeleke fomu za polisi PF 90, PF 93, PF 115 na mchoro wa ajali. Kuzifuatilia kulinila siku nne za kwenda na kurudi, sitakudanganya kwamba ni kazi nyepesi. Gari usiliguse mpaka mkaguzi wao aje alione. Jirani yangu alikimbilia kunyoosha bodi na kupuliza rangi, akaenda kudai na risiti tupu, akarudishwa.

Fundi wangu aliandika 850,000. Mkaguzi akashusha hadi 610,000. Nikabisha, nikarudi na bei za mlango kutoka maduka mawili ya spea, tukakutana 720,000. Kabla ya kukupa hela wanakupa karatasi usaini kwamba umelipwa na huna dai tena. Isome, maana ukishaweka sahihi umefunga mlango. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Yangu ilichukua wiki saba.

Ukiona kabisa ni kitu cha kumalizana, malizaneni, lakini gereji kwanza. Fundi afungue, aseme bei, ndipo muandikiane mbele ya mashahidi, na mwenye gari awepo, siyo dereva peke yake. Hela ipite kwenye simu ili jina lionekane.

Na kama umekuta gari limebonyea na aliyegonga katokomea, mtafute mlinzi kabla hajabadilishana zamu, kisha kamera za maduka ya jirani siku hiyo hiyo, kwa sababu picha za zamani hujifuta. Baada ya hapo polisi.

Mwezi uliopita nilipaki mtaa ule ule. Akaja yule utingo, akagonga kioo akicheka. "Bosi, hapa toa gari. Leo narudisha mimi." Nikatoa.