Mbono haufi, ila hauzai: kwa maafisa wapya wa nishati ya mimea

Wadogo zangu, wiki iliyopita nilikaa nyuma ya ukumbi nikisikiliza wasilisho lenu la mradi wa nyonyo. Slaidi ya tatu ilisema zao linastahimili ukame, linafaa kwenye ardhi isiyotumika, halishindani na chakula. Nikashika kichwa. Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2008, nikiwa nimesimama chini ya mgunga mbele ya wanakijiji, na zao lenyewe lilikuwa mbono kaburi, ule unaoitwa pia jatropha. Nawapenda, ndiyo maana sinyamazi.

1. Kustahimili ukame si kuzaa.

Mwaka ule, mwezi Julai, pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, na kila mtu alikuwa anatafuta mbegu ya kukamua. Mimi nilikuwa na miaka miwili kazini. Kijiji kilikuwa upande wa Babati, kwa watu wanaochanganya mahindi na mbaazi kwenye shamba moja. Nilibandika karatasi kubwa kwenye mti, nikapiga hesabu kwa kalamu nene: nafasi ya mita 2 kwa 2, miche 1,000 kwa ekari, kilo 2 kwa mti ifikapo mwaka wa tatu, shilingi 200 kwa kilo. Jumla shilingi 400,000. Watu wakapiga makofi. Zile kilo 2 nilizitoa kwenye kijitabu nilichopewa ofisini. Sikuwahi kuuliza mti uliopimwa ulikuwa wapi, wala ulipata mvua kiasi gani.

Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Mwanangu, mbono huu tumeupanda kuzunguka mazizi na makaburi tangu enzi za babu zetu. Mbona hakuna aliyewahi kuupeleka shambani?" Nikamjibu kwamba zamani hapakuwa na soko. Swali lile lingetosha kuwa utafiti wangu wote, nami nikalimaliza kwa sentensi moja.

Mama mmoja mjane alikuwa na ekari mbili. Akaacha kupanda mahindi na mbaazi kwenye moja, akaweka mbono. Miche ilishika vizuri kweli, na ukame wa mwaka uliofuata haukuua hata mmoja. Nilipiga picha, nikaziweka kwenye ripoti. Sikuelewa nilichokuwa nakitazama: ukame ukija, mbono hupukutisha majani na kulala, ndivyo unavyopona, na mti uliolala haujazi mbegu.

Mwaka wa tatu ukafika mavuno. Kichala kimoja cha mbono huwa na tunda la kijani, la njano na jeusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo huvuni mara moja ukamaliza. Yule mama alirudi kwenye miti ileile kila baada ya siku chache, kwa miezi miwili, na jioni akakaa na wajukuu kubangua kwa vidole. Siku ya kupima alileta kiroba kimoja ambacho hakikujaa. Mizani ikasimama kwenye kilo 41. Nikaitikisa, nikidhani imekwama. Shilingi 8,200. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia kwa upole: "Ahsante mwanangu. Mwaka huu nimenunua mahindi."

Usiku ule, nyumba ya wageni, ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kubandika karatasi. Kwa mashine yetu ndogo ya kukamua, kilo nne za mbegu zilitoa kama lita moja. Ekari nzima, lita 10. Mashine ya kusaga ya pale kijijini, yenye injini ya zamani ya dizeli aina ya Lister, ilikunywa karibu lita mbili kwa saa. Jasho la yule mama lingesaga unga kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, basi. Na mashudu yake yana sumu, huwezi hata kumpa ng'ombe.

Nilirudi siku mbili kumsaidia kung'oa. Visiki vilichipua tena, ikabidi turudie msimu uliofuata. Alibakiza mstari mmoja mpakani ili mbuzi wasiingie, maana mbuzi hawali majani yake. Mzee wa fimbo alikuwa anajua hilo siku zote.

2. Ardhi isiyotumika haipo.

Ulizeni nani anakata kuni pale, nani analisha mbuzi Agosti, nani ametundika mizinga. Kule Kisarawe vijiji 11 viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa shamba la mbono, na mwaka 2011 shughuli zikasimama. Ardhi ya kijiji ikishahamishiwa kwenye ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu, mwekezaji akiondoka hairudi kijijini yenyewe. Hilo lisemeni kwenye mkutano wa kwanza, kabla ya soda.

3. Fuateni taka ambayo tayari imekusanyika mahali pamoja.

Hapa ndipo nishati ya mimea inaponipa moyo. Malawi wanachanganya ethanoli, yaani spiriti, kwenye petroli tangu 1982, na wanaitengeneza kwa molasi, masalia ya kiwanda cha sukari. Hakuna mkulima aliyeombwa kuacha mahindi yake. Viwanda vya sukari vinachoma makapi ya miwa na kupata mvuke na umeme. Kwenye mkonge, sehemu inayokuwa nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya mmea, mengine hutupwa. Pale Hale, Tanga, walijenga mtambo wa kugeuza masalia hayo kuwa bayogesi na umeme. Gharama ya kuvuna na kusafirisha ilikwisha kulipwa na sukari au nyuzi. Mbono haukuwa na wa kuulipia, ndiyo maana aliulipia mjane.

4. Bayogesi: hesabuni maji kabla ya ng'ombe.

Mtambo wa nyumbani unalishwa kinyesi ndoo moja, maji ndoo moja, kila siku. Ulizeni nani anayachota na kutoka umbali gani, na mumuulize mwenyewe, msimuulize mumewe. Ng'ombe wanaoshinda machungani wanaacha kinyesi hukohuko.

5. Injini.

Lister inavumilia mafuta ghafi ya mimea yaliyochujwa vizuri. Dizeli za kisasa haziyavumilii, zinataka bayodizeli iliyosafishwa. Ethanoli ina kama theluthi mbili ya nguvu ya petroli kwa lita, kwa hiyo msilinganishe bei lita kwa lita.

Sasa chukueni makadirio yenu ya nyonyo, muongeze safu mbili: saa za kuvuna na kubangua kila kilo, na zao lililokuwa shambani kabla. Mbegu mkapime wenyewe, kwa mizani yenu, kwenye mti uliomea kijiji kilekile. Nitayasoma Ijumaa.