Macho yaliokolewa na maji, si na jiwe la nyoka

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku 60 hapa Malindi. Wiki iliyopita kijana wangu wa miaka 12 alifungua banda jioni kuokota mayai, akamkuta swila kwenye kiota. Alimtemea machoni kabla hajageuka. Nyanyake alimvuta nje akammwagia mtungi mzima wa maji usoni. Baadaye jirani akaja mbio na jiwe la nyoka, akamchanja kidogo kwa wembe juu ya nyusi ili lishike, akalibandika hadi likaanguka lenyewe. Kesho yake mtoto akawa anaona. Sasa jirani ataka kuniuzia jiwe langu kwa shilingi 1,500. Jiwe moja hutumika mara ngapi kabla halijaisha nguvu? Na je, nikimwaga oili chafu kuzunguka banda, nyoka hawatarudi? – Mama F., Malindi

JIBU: Marahaba, Mama F. Mpe kijana pole, na nyanyake mpe ahsante yake, maana aliyeokoa macho ya mjukuu ni yeye na mtungi wake. Jiwe lilifika kazi imekwisha, likachukua sifa.

Nianze na macho, kwa sababu hukusema kama mtoto alifika hospitali. Sumu ya swila ikitua kwenye ngozi isiyo na jeraha haina madhara makubwa. Ikiingia jichoni huunguza papo hapo, na isipooshwa hula konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikaacha kidonda na kovu. Wapo waliopofuka hivyo. Dawa yake ni maji mengi bila kuchelewa. Mtoto alale kwa ubavu, mtu amshike kope na kuzifungua kwa vidole, kwa kuwa akiachwa atafumba kwa nguvu na maji yote yatapita juu ya ngozi. Maji yamwagwe taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 15 hadi 20 kwa kutazama saa. Ya bomba, ya kisima, ya chupa, yoyote mradi ni safi. Maji yakikosekana kabisa, maziwa yatafaa, lakini kazi yao ni ile ile ya kuosha. Hayana nguvu yoyote ya ziada juu ya sumu. Asisugue macho.

Baada ya hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema yuko sawa. Watamtia tone la rangi linaloonyesha kama konea imechubuka, na ikiwa imechubuka atapewa dawa ya kuzuia vijidudu. Usimnunulie dukani dawa ya macho yenye steroidi: hupunguza wekundu, mzazi akatulia, kumbe kidonda kinaendelea kula chini kwa chini. Sindano ya kukabili sumu ya nyoka nayo haina kazi kwa macho yaliyotemewa. Kama kijana hakuonwa na mtaalamu, mpeleke kliniki ya macho kesho asubuhi, hasa akiwa anakwepa mwanga au jicho moja linatoa machozi kuliko jingine. Waulize pia habari ya chanjo ya pepopunda, kwa ajili ya ule wembe.

Na huo wembe ndio umenichosha. Mtoto hakuumwa. Hapakuwa na alama ya jino mwilini mwake. Alichanjwa uso ili jiwe lipate damu ya kushikia, basi.

Umeuliza jiwe hutumika mara ngapi kabla ya kuisha nguvu. Halina nguvu ya kuisha. Jiwe la nyoka kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa hadi kikawa cheusi. Mfupa uliochomwa una vitundu vidogo vingi, na vitundu hivyo hufyonza majimaji. Ukiuweka kwenye damu hunata, ukiuweka kwenye ulimi uliolowa hunata vile vile, na ulimi wako hauna sumu ya nyoka. Vitundu vikijaa, au damu ikiganda na kukauka, jiwe huanguka. Muuzaji anakwambia limeanguka kwa sababu sumu imekwisha. Kisha anakuagiza ulichemshe kwenye maziwa au maji ili "litapike" lilichokivuta. Kinachotoka ni damu kidogo na viputo vya hewa.

Sasa fikiria kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Meno yake yana urefu unaozidi sentimita moja, na huitia sumu ndani ya nyama kama sindano. Kabla hujamaliza kupiga kelele, sumu imeanza kusambaa kwenye nyama na mishipa. Jiwe liko juu ya ngozi linafyonza matone mawili ya damu. Watafiti wameshalijaribu maabara kwa panya waliotiwa sumu za nyoka wa Afrika, wakiwemo kifutu na swila, na panya hawakusaidika.

Kwa nini basi kila mtaa una mtu aliyepona kwa jiwe? Hapa ndipo watu wenye akili zao hunaswa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na wanaodhurika kwa sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Yaani nusu ya walioumwa, au zaidi, hawakuingiwa na sumu ya kuwadhuru. Wengine waliumwa na nyoka asiye na sumu ya kumdhuru mtu, kama yule mdogo wa kahawia anayefuata panya na mijusi ndani ya nyumba. Wengine waliumwa na nyoka mwenye sumu ambaye siku hiyo hakuitoa, kwani hulazimiki kutiwa sumu kila unapong'atwa. Hao wangepona kwa jiwe, kwa kitunguu, kwa kipande cha sabuni, au kwa kukaa tu kivulini. Mwenye jiwe anahesabu nusu hiyo kuwa wagonjwa wake. Walioingiwa na sumu kweli hukimbizwa hospitali usiku wakiwa taabani, na wakifia huko inasemwa hospitali ndiyo iliyowaua.

Madhara ya jiwe lenyewe ni madogo. Linaloua ni muda. Sumu ya koboko hulegeza misuli, na misuli ya kupumua ikiwemo. Baina ya kuumwa na kushindwa kupumua huenda zikapita saa chache tu. Sumu ya kifutu na ya swila aliyeng'ata huozesha nyama, na dawa ya hospitali haifufui nyama iliyokwisha kufa. Saa mbili za kungoja jiwe lianguke ndizo zinazoamua kama mtoto atarudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Kwa hiyo, mtu akiumwa hapo kwako, msogeze mbali na nyoka, mketishe au mlaze, asitembee. Mvue pete, bangili, saa, kikuku na kiatu upande ulioumwa kabla haujavimba. Kiungo kitulizwe kwa kukifunga na ubao au fito kwa leso, kama unavyofanya mfupa uliovunjika, kwa ulegevu wa kidole kupita chini ya kitambaa. Andika saa aliyoumwa. Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe kwenye ngozi na saa kando yake, uchore tena kila nusu saa njiani. Daktari atashukuru kwa michoro hiyo kuliko kwa maelezo ya watu kumi. Akitapika au kope zikianza kulegea, alale kwa ubavu. Maumivu yanaruhusu parasetamoli tu. Aspirini na diklofenaki ziache, kwa kuwa sumu nyingine huharibu kuganda kwa damu. Usimpe pombe wala dawa ya kunywa ya mitishamba. Koo likilegea atapaliwa.

Usafiri ukiwa ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, mtu mzima amshike nyuma. Njiani piga simu hospitali uulize kama dawa ya kukabili sumu ya nyoka ipo, kwani si kila zahanati inayo, na kwenda pasipo nayo ni kupoteza saa nyingine. Nyoka msimbebe. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata, na daktari hutibu kwa dalili anazoziona. Picha ya simu kutoka mbali yatosha, na isipopatikana si neno.

Kamba ya kubana mguu sitaki kuisikia. Kwa kifutu na swila inaifungia sumu sehemu moja na kunyima nyama damu, mguu ukaoza haraka zaidi. Lakini ukimkuta mtu tayari amefungwa kamba, usiikate ghafla njiani. Iache ifunguliwe hospitali, kwa sababu sumu iliyokusanyika huachiwa yote kwa mpigo. Kunyonya kwa mdomo, kukata kwa wembe, kupaka mafuta ya taa, kugusisha waya wa plagi ya pikipiki: vyote hivyo ni ndugu wa jiwe. Huo wa plagi humwongezea mgonjwa mshtuko na kuungua.

Kuna watakaokuambia basi nunua sindano uiweke kwenye friji yako. Hapana. Dawa hiyo huingizwa kwenye mshipa kwa dripu, mara nyingi chupa kadhaa, na inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali unaohitaji adrenalini hapo hapo. Isitoshe, iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa bara jingine haiwatibu walioumwa na nyoka wetu hata kama sanduku limeandikwa vizuri.

Oili chafu nayo. Haizuii nyoka. Nyoka hunusa kwa ulimi, harufu ikimkera atapita pembeni au juu yake, na mvua moja ikinyesha umebaki na udongo wenye sumu ambao kuku wako wanaudonoa na unaoelekea kisimani. Salfa na vidonge vya nafthalini vimejaribiwa, nyoka wakavuka. Kitunguu saumu, chumvi na ndimu ni viungo vya mchuzi.

Swila huja bandani kwa mambo matatu: mayai, vifaranga na panya. Huko kwenu pwani huenda akawa yule mkubwa wa kahawia anayeweza kupita mita 2, aliyetambuliwa rasmi mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa Bio-Ken, shamba la nyoka la Watamu. Huyo hula hata nyoka wenzake. Anza na panya. Chakula cha kuku kiwekwe kwenye pipa lenye kifuniko, si kwenye gunia. Kilichomwagika kifagiliwe kila jioni. Mayai yaokotwe kabla ya magharibi, kwa tochi na kwa kijiti cha kupekulia kiota kwanza, kamwe si kwa mkono mtupu. Ule wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 humzuia kuku tu; nyoka mchanga hupita bila kukunja shingo. Sentimita 60 za chini zizungushie wavu wa milimita 6, na ncha yake uifukie ardhini sentimita 15. Mwanya chini ya mlango uzibe kwa kipande cha tairi. Kipimo ni rahisi: kidole chako kidogo kikipenya, na nyoka anapenya. Matofali, mabati na kuni zilizoegemezwa ukutani mwa banda zihamishwe, ziinuliwe juu ya magogo. Majani yafyekwe mita 2 kuzunguka.

Swila pia huingia vyumbani usiku akifuata panya, na huwang'ata watu waliolala, hasa wanaolala chini. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia, mbali na mbu. Ukienda choo usiku, chukua tochi na uvae viatu vilivyofunika mguu.

Ukimkuta tena bandani, rudi nyuma taratibu huku umeinua mkono kuficha macho. Hutema hadi mita 2 au 3 na huulenga uso. Acha mlango wazi, toa watoto, muite anayejua kumtoa. Watamu si mbali nanyi, na Bio-Ken wamekuwa na nyoka tangu 1980. Anayerudi na rungu anajitia hatarini.

Jirani yako simlaumu sana, huenda naye aliuziwa. Ninaowalaumu ni wanaozunguka shuleni na kwenye vikundi vya akina mama na kisanduku cha mawe, wanafanya onyesho kwenye kidole kilichotobolewa kwa pini, jiwe linanata, watu wanapiga makofi, mwalimu mkuu anatoa hela ya kisanduku cha huduma ya kwanza. Siku mtoto wa darasa la tatu atakapokanyaga kifutu nyuma ya choo, mwalimu atafungua kisanduku na kukuta jiwe, atalitumia kwa nia njema, na gari la shule litabaki limeegeshwa. Kama mwanao anasoma shule yenye jiwe hilo, mwombe mwalimu alitoe na mahali pake aweke karatasi yenye nambari ya simu ya hospitali iliyo na dawa na nambari ya dereva atakayekubali kutoka usiku. Hizo shilingi 1,500 zako zitanunua kipande cha ule wavu wa milimita 6. Anza na upande wenye viota.