Nimemsimulia habari za Ayubu akanyamaza, nimpe hadithi gani nyingine?

SWALI: Niko kwenye kikundi cha faraja kanisani. Kuna dada amefiwa na mtoto mdogo, nikamsimulia Ayubu alivyopoteza watoto wote na mwisho Mungu akamrudishia, maana nilisikia tiba ya masimulizi inatumia hadithi. Alinyamaza tu, na tangu siku hiyo haji tena. Nitumie hadithi gani?

JIBU: Dada, asante kwa kuuliza, wengi hawaulizi, wanabadilisha hadithi tu wanaendelea. Hili swali linanifikia kila mara na liko vilevile, nipe hadithi ya msiba, nipe ya ndoa, nipe ya aliyekosa kazi. Yani watu wanadhani tiba ya masimulizi ni kabati la dawa, unafungua, unatoa Yusufu au Hana, unampa mtu anameza. Siyo hivyo kabisa. Michael White wa Australia na David Epston wa Nyuzilandi walioijenga hii kazi kuanzia miaka ya 1980 kazi yao kubwa ilikuwa kuuliza maswali. Simulizi inayoshughulikiwa ni ya huyo aliyekuja kwako, vile anavyojieleza maisha yake, alafu mnatafuta pamoja yale mengine ya maisha yake ambayo habari moja nzito imeyafunika.

Sasa huyo Ayubu wako. Fungua sura ya 42 usome taratibu: mali zilirudi mara mbili, lakini watoto walikuja wengine, saba wa kiume na watatu wa kike, wale wa kwanza hawakurudi. Mama aliyefiwa analiona hilo kabla yako. Wewe unasema "akarudishiwa", yeye anasikia "utazaa mwingine".

Mama mmoja aliwahi kuniambia kwenye kitabu kile yeye anamuwaza mke wa Ayubu tu, kwamba wale kumi aliwazaa yeye na hakuna aliyeenda kukaa naye. Nikamuuliza, ungekaa naye wewe ungemwambia nini? Akaongea muda mrefu sana, na mengi aliyoyasema yalikuwa maneno aliyokuwa anatamani yeye mwenyewe aambiwe na hakuna aliyemwambia. Mimi nisingeweza kuyatunga hayo, na ningeanza kwa kumhubiria asingeyatoa.

Kwa hiyo mtafute huyo dada, mwombe radhi kwa kifupi, muulize habari za mtoto, jina lake, alikuwa anapenda nini. Alafu baadaye, siyo siku hiyohiyo, muulize kama kuna neno lolote la imani linalomshika sa hivi, au linalomuumiza. Akitaja Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani, usikimbilie kumhamishia ya 23. Na ukikaa na Muislamu akakwambia Yaakub alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe, usimkatishe eti asubiri, yule ni nabii, subira alikuwa nayo na bado alilia.

Kinachonikasirisha ni hawa wanaohudhuria semina ya siku mbili wakatoka na cheti, wanajiita wataalamu wa uponyaji. Kwenye tiba ya masimulizi tunamsaidia mtu atenganishe nafsi yake na tatizo, badala ya "mimi ni mtu wa hovyo" anaweza kuliita "lile giza", tunauliza lile giza linakuja saa ngapi, linamwambia nini, lini alikataa kulisikiliza. Wao wakisikia hivyo wanaanza kukemea pepo! Mtu alikuja na huzuni anaondoka na huzuni pamoja na hofu kwamba ana kitu ndani yake. Hiyo siyo tiba, na kwa mchungaji anayejua kazi yake siyo huduma pia.

Wengine wanachukua hadithi nzuri kabisa wanaifanya kufuli. Mwanamke anapigwa na mumewe, wanamsimulia Yusufu alivyosamehe ndugu zake. Yusufu alisamehe akiwa ameshika madaraka Misri, ndugu zake hawakuwa na uwezo wa kumtupa shimoni tena, na hata hivyo aliwapima kwanza kabla ya kujitambulisha. Anayepigwa leo anahitaji mahali salama leo, mambo ya kusamehe atayaamua mwenyewe akiwa hai na mzima.

Na nyie mnaokaa na wenye majonzi, mtu akisema amechoka kuishi, weka hadithi pembeni, muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoeni vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mumfikishe hospitali siku hiyohiyo, na akiandikiwa dawa asitokee mtu wa kumwambia azitupe athibitishe imani.