Kukuzia shayiri: pasua shina kwanza, mfuko baadaye

Wengi huuliza kiasi: mifuko mingapi ya mbolea ya naitrojeni kwa hekta? Mimi huanza na lini. Naitrojeni ileile inaweza kukupa masuke mengi, au shayiri iliyolala chini, au punje ambazo kiwanda cha kimea cha bia hakizitaki, kutegemea uliiweka wakati gani.

Shayiri hupanga mambo yake mapema. Mavuno hutegemea sana wingi wa masuke, na masuke mengi huanzia kwenye vichipukizi vinavyotoka ubavuni mwa shina mama mche ukiwa bado mdogo. Mche ukikosa chakula hapo, mbolea ya baadaye hairudishi kilichopotea. Kwa hiyo naitrojeni kidogo naiweka wakati wa kupanda (yurea, mbolea ya naitrojeni, isigusane na mbegu, itaiunguza), sehemu kubwa naibakiza ya kukuzia, yaani ya kuweka mche ukiwa umeshaota.

Ya kukuzia naimaliza kabla shina halijarefuka. Sihesabu wiki, kwa sababu baridi na ukame huchelewesha mche. Nang'oa miche ya sehemu mbalimbali za shamba, napasua shina mama kwa kisu chenye makali, kutoka kwenye mizizi kwenda juu. Ndani kuna kisuke kichanga, kidogo mno, cheupe. Kikishapanda kama sentimita moja juu ya kitako cha mche, shina limeanza kurefuka. Kuanzia hapo mmea unakula naitrojeni kwa kasi, na vichipukizi dhaifu vinavyokosa chakula vinaanza kufa.

Usingoje manjano. Majani ya chini hugeuka rangi kwanza kwa sababu mmea unayanyang'anya naitrojeni kulisha yale machanga. Ukiliona hilo, umeshachelewa.

Lakini kumwaga yote mapema nako kuna gharama yake: mashina huwa marefu na laini, na upepo wenye mvua huyalaza. Kwenye udongo wa kichanga mvua kubwa huisukuma naitrojeni chini kupita mizizi, ndiyo maana huko nagawa ya kukuzia mara mbili. Shamba lililotoka kwenye mazao ya jamii ya kunde nalipunguzia, maana huacha naitrojeni udongoni.

Naitrojeni inayowekwa jani la mwisho, lile la juu kabisa, likishafunguka huongeza zaidi protini ya punje kuliko idadi ya punje. Kwa chakula cha mifugo, sawa. Kwa kimea ni hasara: protini ikipanda wanga unapungua, na wanunuzi wengi hawapendi izidi asilimia 12 hivi.

Halafu kuna maji. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, lakini ukiiacha juu ya udongo wenye unyevunyevu bila kuifukia wala kupata mvua ya kuizamisha, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Mimi huisubiri mvua ikaribie. Ukame ukikaza hadi masuke yanachomoza, awamu ya pili naiacha stoo: mvua ikichelewa kurudi, naitrojeni hiyo itaishia kwenye protini.