Barua kwa Mwanangu: Deni la Ada na Mahakama ya Ufilisi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako tumeupokea, na mama yako amenitaka nikujibu kwa maandishi ili uweze kuyarudia kwa utulivu. Umeeleza kwamba chuo ulichokiacha katikati ya muhula, ulipougua, kinakudai ada ya dola 5,400, na kwamba deni hilo sasa limo mikononi mwa kampuni ya kukusanya madeni. Kwa kuwa bili za hospitali na kadi za benki nazo zinakulemea, unafikiria kwenda mahakama ya ufilisi hapo Rochester, New York, kuomba madeni yako yafutwe, lakini mwenzako wa kazini amekwambia kwamba deni lolote la masomo hapa Marekani humfuata mtu mpaka kaburini. Umeniuliza kama ni kweli. Mwenzako amesema kweli kwa sehemu kubwa kuhusu mikopo ya masomo. Ada ambayo haikulipwa ni jambo jingine, na huenda ikafutwa, ikitegemea karatasi ulizotia sahihi ulipojiandikisha.

Unajua kwamba mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani wa simu katika vikao ambavyo msimamizi wa mali za mufilisi huwahoji wenzetu wa Buffalo na Utica, na mkalimani haruhusiwi kumshauri mtu anayemtafsiria. Wewe ni mwanangu, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, kisha umpelekee wakili akipime.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ufilisi ya Marekani, kifungu cha 523(a)(8). Kifungu hiki kinataja madeni ya masomo ambayo hayafutwi isipokuwa mdaiwa athibitishe kwamba kuyalipa kutamtia yeye na wanaomtegemea katika dhiki iliyopita kiasi. Bunge lilianza kuweka kizuizi hicho mwaka 1976, na wakati ule mkopo uliweza kufutwa baada ya miaka 5. Mwaka 1990 miaka ikawa 7, mwaka 1998 muda huo ukaondolewa kabisa, na mwaka 2005 mikopo ya masomo ya benki na kampuni binafsi nayo ikaingizwa. Kipimo cha dhiki kinachotumika katika jimbo letu kilitokana na kesi ya Brunner ya mwaka 1987. Mdaiwa hutakiwa kuonyesha kwamba akilipa hawezi kuishi hata maisha ya chini kabisa, kwamba hali hiyo itaendelea kwa sehemu kubwa ya muda wa kulipa, na kwamba amejitahidi kulipa kwa nia njema. Tangu Novemba 2022 Wizara ya Sheria imelegeza namna mawakili wa serikali wanavyoupinga ushahidi huo kwa mikopo ya serikali, na jambo hilo linahusu mikopo uliyochukua miaka yako miwili ya mwanzo. Hiyo tuiache kando, kwa kuwa umeniuliza juu ya ada.

Ukikisoma kifungu hicho polepole utaona kwamba hakisemi "kila deni la masomo". Kinataja mkopo, kinataja malipo ya ziada ya msaada wa masomo yanayotakiwa kurudishwa, na kinataja wajibu wa kurudisha fedha ambazo mtu alizipokea kama msaada, ufadhili au posho ya masomo. Sasa jiulize: chuo kilikupa fedha? Hakikukupa. Kilikufundisha, kikakuandikia ankara, nawe hukuilipa. Mwenye duka akikubali tangu mwanzo kukuandika katika daftari na kukupa sukari ili ulipe mwisho wa mwezi, amekukopesha. Ukiondoka na sukari hali malipo yalipaswa kutolewa palepale, unadaiwa, lakini hakuna aliyekukopesha.

Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, ambayo hukumu zake zinaifunga mahakama ya ufilisi ya Rochester, ililiamua jambo hili mwaka 2000 katika kesi ya Cazenovia College, chuo kilichokuwa karibu na Syracuse na ambacho kilifunga milango mwaka 2023. Mahakama ilisema kwamba ili pawe na mkopo ni lazima pawe na makubaliano, kabla ya huduma kutolewa au wakati inapotolewa, kwamba chuo kinahamisha kitu cha thamani inayojulikana na mwanafunzi atakilipia baadaye. Kumwacha mwanafunzi aendelee kukaa darasani huku ankara haijalipwa si makubaliano ya namna hiyo, na deni likafutwa. Miaka miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilifuata njia hiyohiyo dhidi ya Boston University.

Usifurahi mapema, mwanangu, kwa sababu vyuo navyo vina mawakili, na mawakili husoma hukumu. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya San Francisco iliamua kesi ya mwanafunzi wa Vanderbilt University aliyekuwa ametia sahihi makubaliano ya kuahirisha malipo: chuo kilimruhusu asome kwanza na alipe baadaye, kikimtumia hesabu kila mwezi. Majaji walisema huo ni mkopo, na haukufutwa. Kwa hiyo siku hizi vyuo vingi humtaka mwanafunzi akubali mtandaoni, kabla hajachagua masomo, maelezo marefu kuhusu wajibu wake wa kulipa, na ndani yake mara nyingi umo mstari unaosema kwamba deni lolote atakalobaki nalo ni mkopo wa masomo kwa maana ya kifungu cha 523(a)(8). Wanafunzi hubonyeza "nakubali" bila kusoma, na sidhani kama wewe ulisoma. Mstari huo peke yake haumalizi kesi, maana anayedai kwamba deni ni mkopo ndiye anayepaswa kulithibitisha hilo kwanza, na jaji hutazama mambo yalivyokuwa kweli: je, chuo kilikubali kungoja malipo, au kilitaka yote yalipwe kufikia tarehe fulani na kikatoza faini ya kuchelewa? Hata hivyo, mstari huo unampa mdai hoja, na wakili wako anapaswa kuuona kabla hajakwambia lolote la uhakika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzipata karatasi. Andikia ofisi ya msajili na ofisi ya fedha za wanafunzi, uombe nakala ya kila makubaliano uliyoyakubali pamoja na mtiririko wote wa hesabu yako. Sheria ya shirikisho ya kumbukumbu za elimu inampa mwanafunzi, hata aliyekwisha kuondoka, haki ya kuzikagua kumbukumbu zake ndani ya siku 45 tangu alipoomba. Usiiombe kampuni ya kukusanya madeni, kwa sababu mara nyingi haina zaidi ya jina lako na kiasi cha deni.

Katika mtiririko huo wa hesabu, angalia jambo ambalo nadhani ndilo lililolizaa deni lako. Mwanafunzi anayepokea msaada wa serikali akiacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, chuo hukokotoa sehemu ya msaada ambayo hakuistahili na kuirudisha serikalini. Kisha humgeukia mwanafunzi na kumdai ada iliyobaki wazi. Ikiwa sehemu iliyorudishwa ilikuwa ya mkopo, mkopo wako wa serikali ulipungua kwa kiasi hicho, na kiasi hichohicho kikageuka kuwa deni la chuo. Fedha ile ambayo isingefutika kirahisi ikiwa mkopo wa serikali huenda ikafutika ikiwa ada ya chuo, ingawa chuo kinaweza kujaribu kusema kwamba ni msaada unaopaswa kurudishwa. Hoja hiyo imekuwa dhaifu, kwa sababu mwaka 2021 mahakama yetu ileile ya rufaa ilikataa kuipanua sehemu ya kifungu inayozungumzia msaada, ufadhili na posho hadi iwe mfuko wa kutupia deni lolote lenye harufu ya shule. Lakini ukikuta kwamba Wizara ya Elimu yenyewe inakudai sehemu ya ruzuku uliyolipwa kupita kiasi, hiyo imetajwa wazi katika kifungu na hailingani na deni la ada.

Ukifungua shauri, siku hiyohiyo zuio la mahakama linaanza kufanya kazi, na simu za wakusanya madeni hazina budi kukoma. Umetaja pia nakala ya matokeo unayoihitaji ili uhamie chuo kingine. Huko Milwaukee, Cardinal Stritch University ilimnyima mwalimu mmoja nakala yake kwa ajili ya ada ambayo ufilisi ulikuwa umeifuta, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Chicago ikasema kwamba chuo kilivunja zuio na amri ya kufuta madeni. Kwetu New York, hata bila ufilisi, sheria ya jimbo tangu mwaka 2022 inakataza chuo kuizuia nakala ya matokeo kwa sababu ya deni, kwa hiyo iombe sasa.

Kuna mtego mmoja ambao nimewaona watu wakinaswa nao. Amri ya kufuta madeni, ambayo katika Sura ya 7, yaani ufilisi wa kufutiwa madeni bila mpango wa kuyalipa kidogo kidogo, hutoka yapata miezi minne baada ya kufungua shauri, haitaji deni moja moja. Chuo kinaweza kunyamaza muda wote huo, kisha baadaye kikadai kwamba deni lake ni la masomo na halikuguswa. Dawa yake ni wakili wako kuiomba mahakama ya ufilisi itamke wazi kwamba hili halikuwa mkopo. Ombi hilo halina ukomo wa muda na mdaiwa halipii ada ya kulifungua. Na unapojaza orodha ya wadai, andika chuo na kampuni ya kukusanya madeni, wote wawili, wala usitie alama katika kisanduku cha mikopo ya wanafunzi. Tumia kile cha madeni mengine, ueleze kwamba ni ada isiyolipwa, kwa maana sioni sababu ya wewe mwenyewe kumwandikia mdai hoja yake.

Je, ufungue shauri? Kama ungekuwa na deni la chuo peke yake ningekwambia usifanye hivyo. Ada ya kufungua shauri la Sura ya 7 ni dola 338 kabla hujamlipa wakili, alama yake hukaa katika taarifa zako za mikopo kwa miaka 10, na ukishafutiwa madeni huwezi kufutiwa tena kwa Sura hiyo kwa shauri utakalofungua kabla ya miaka 8 kupita. Kwa deni la dola 5,400 ningependa kwanza upatane na chuo, na sisi tungekusaidia kidogo. Lakini kwa bili za hospitali ulizonitajia, ambazo hufutwa bila ubishi, naona shauri lina maana, na ada iingie humohumo. Najua wazee wetu husema dawa ya deni ni kulipa, na shangazi yako atalirudia hilo akisikia. Mwambie kwamba hata wenye makampuni makubwa hapa huitumia sheria hii bila kuinamisha kichwa.

Mama yako anauliza kama deni litatuangukia sisi. Kufutiwa kwako hakumwondolei mdhamini deni, kwa hiyo kama mmoja wetu alitia sahihi pamoja nawe, chuo kingeweza kumgeukia. Sisi hatukumbuki kutia sahihi yoyote kwa chuo hicho. Hata hivyo, karatasi zikifika, tafuta majina yetu humo kabla ya kuonana na wakili, na ukiyakuta, unipigie simu kabla shauri halijafunguliwa.

Baba yako